Kifungo Kisichoonekana

Watu wengi hudhani ya kuwa mtumwa ni yule tu aliyetiwa pingu. Lakini kiko kifungo kingine kisichoonekana kwa macho, nacho ni kifungo cha dhambi. Na aliyefungwa nacho mara nyingi hujiona kuwa mtu huru.

Habari za John Newton, Mwingereza aliyezaliwa London mwaka 1725, zaonyesha jambo hili. Alikuwa baharia mwenye matusi, asiyemcha Mungu. Katika pwani ya Afrika, upande wa magharibi, aliangukia mikononi mwa mfanyi biashara wa watumwa, akateswa na kuona njaa. Mwaka 1748, alipokuwa akirudi kwao, merikebu yake ilipigwa na tufani, ikaingia maji, naye akamlilia Mungu amrehemu. Akaokoka.

Je, siku ile alifunguliwa kabisa? Kinywa chake kiliacha kulaani, lakini mkono wake haukuacha kufunga watu. Baadaye alikuwa nahodha wa merikebu za watumwa, hata mwaka 1754. Juu yeye alisali. Chini wanaume na wanawake walilala katika minyororo. Tena aliiacha bahari kwa sababu ya ugonjwa, si kwa toba. Yeye aliyeonja mateso hakuuona uovu wa kazi ile, maana wengi wa nchi yake waliihesabu kuwa biashara ya halali. Mazoea yana taabu.

Hata hivyo neema ya Mungu haikumwacha. Mwaka 1764 akawa kasisi. Na mwaka 1788 aliandika kitabu kidogo, akakiri mbele ya watu wote aibu ya kazi yake ya zamani. Maneno yake yaliwasaidia waliojitahidi kuikomesha biashara ile, na mwaka 1807 Bunge la Uingereza likaipiga marufuku. Newton akafa mwaka ule ule, mzee wa miaka 82.

Basi, neema hainunuliwi kwa matendo mema, wala si ruhusa ya kuendelea na uovu. Ni zawadi: Mungu humfungua mtu kabla hajastahili, kisha humfumbua macho aione minyororo aliyowatia wenziwe. Asemaye kwamba Kristo amemweka huru, naye humwonea mdogo wake au humpunja mtumishi ujira wake, bado anayo pingu moja isiyovunjwa. Na aombe afumbuliwe macho, wala asikawie. Kwa maana kila siku anayokawia yeye, yuko mwingine alalaye kifungoni.