Vidonge vya Ini Visiachwe kwa Hofu ya Damu Kuganda

Wapo wagonjwa wa ini hapa Bagamoyo na katika vijiji vya pwani wanaoacha vidonge vya propranololi bila kumwuliza daktari. Mmoja ameambiwa na jirani kuwa hizo ni dawa za presha, na yeye presha hana. Mwingine amesikia kuwa zinagandisha damu. Sababu ya kwanza haina msingi. Ya pili yastahili jibu.

Ini lililoshambuliwa miaka mingi na homa ya ini aina B au C, au na pombe, hujaa makovu, likasinyaa na kuwa gumu. Damu itokayo tumboni hukosa njia, ikarudi nyuma na kuvimbisha mishipa ya koo la chakula. Mishipa hiyo ikipasuka, mgonjwa hutapika damu nyingi ghafla. Kutoka hapa hadi Muhimbili ni yapata kilometa 70, na mtu wa Saadani yuko mbali zaidi. Anayetapika damu usiku hana muda huo! Ndiyo maana dawa hutolewa mapema. Mwaka 1981 Dkt. Didier Lebrec na wenzake wa Ufaransa walionyesha kuwa propranololi hupunguza kutokwa damu tena.

Je, hofu ya damu kuganda ni uzushi? Hapana. Wengi hudhani mwenye ini bovu damu yake ni nyepesi tu. Kumbe ini hutengeneza vitu vya kugandisha damu na pia vya kuizuia isigande, na likiugua vyote hupungua. Tena damu iendayo polepole huganda upesi, na propranololi hupunguza mwendo wake katika mshipa mkubwa uingiao kwenye ini. Uchunguzi kadhaa umekuta mabonge ya damu zaidi kwa wanaoitumia. Lakini hao ndio mara nyingi wenye ini lililokaza zaidi. Damu yao ilikuwa ikijikokota hata kabla ya kidonge cha kwanza. Kosa la dawa halijathibitishwa. Kupasuka kwa mishipa kunajulikana, na kunaua.

Sisi wauguzi hatumlaumu mgonjwa. Anayepewa vidonge bila kuelezwa kazi yake ataviacha tu. Aelezwe, kisha afuatiliwe: mapigo ya moyo yawe kati ya 55 na 60 kwa dakika, na presha ya juu ikishuka chini ya 90 daktari ataamua kupunguza dawa au kuisimamisha. Mwenye pumu aseme kabla ya kuandikiwa. Ultrasaundi ya kila miezi 6, ile ya kutafuta saratani ya ini, itumike pia kuuangalia ule mshipa mkubwa. Maumivu mapya ya tumbo, au tumbo kujaa maji kwa haraka, asingojee siku ya kliniki.

Na vidonge vikibaki vya wiki moja, aje kuchukua vingine, maana kuviacha ghafla huweza kurudisha hatari ya kutapika damu.