Shahada ya uinjinia inakufikisha mlangoni. Nani atakufungulia?

Matokeo ya KCSE yakitoka, kila mtaa hupata injinia wake. Mtoto akipiga A ya hesabu na A ya fizikia, basi mama mboga, pasta na mjomba wa shags wote washakata kauli: huyu ni injinia. Hakuna anayemuuliza kama anapenda kufungua mashine, au kama anajua kazi yenyewe ni gani. Jina peke yake linatosha.

Mimi chuo sikumaliza, kwa hivyo sina shahada ya kuringia hapa. Lakini wasee wengi niliokua nao walisomea uinjinia, na maswali wanayojiuliza leo yalifaa kujibiwa kabla hawajachagua kozi kwa KUCCPS.

Tuanze na muda. Shahada ya uinjinia hapa Kenya ni miaka 5, wakati mwenzako wa biashara anamaliza kwa 4. Mwanzoni ni hesabu juu ya hesabu, fizikia na michoro. Wa ujenzi, wa umeme na wa mitambo husoma mengi yanayofanana, kisha kila mtu anaelekea tawi lake. Wengi huona huo msingi kama adhabu, lakini ndio utakaokulisha baadaye. Angalia Olkaria kule Naivasha, ambako Kenya imekuwa ikizalisha umeme kwa mvuke wa ardhini tangu 1981. Kuna kazi ya visima, ya mabomba, ya jenereta, ya barabara na majengo, hata ya kupima kemikali zilizo ndani ya maji. Aliyeshika msingi vizuri anaweza kuhama kona moja hadi nyingine kazi ikihama. Aliyefuata kozi yenye jina refu la kuvutia lakini nyembamba kama uzi, soko likibadilika anabaki akishangaa.

Sasa njoo kwa jina lenyewe. Chini ya Sheria ya Wahandisi ya 2011, kujiita injinia bila kusajiliwa na Bodi ya Wahandisi (EBK) ni kosa. Ukitoka chuo unasajiliwa kama mhandisi mhitimu tu. Ili uwe mhandisi mtaalamu, yule wa kuandika "Eng." mbele ya jina lake, unahitaji angalau miaka 3 ya kazi baada ya shahada, kisha ufaulu mtihani wa bodi. Piga hesabu: 5 na 3 ni 8, na hapo bado hatujahesabu migomo ya wahadhiri.

Sina shida na sheria hiyo. Mwaka wa 2016 jengo la ghorofa liliporomoka Huruma na kuua zaidi ya watu 40. Hatutaki mtu ajifunzie kazi juu ya vichwa vyetu. Shida yangu ni moja: hiyo miaka 3 kijana ataitoa wapi?

Bodi inataka uzoefu. Mwajiri naye anataka uzoefu, tena anataka mtu ambaye tayari amesajiliwa. Kijana anazunguka Industrial Area na bahasha ya kaki mpaka soli ya kiatu inaisha. Akibahatika kupata mahali, mara nyingi anaambiwa hakuna malipo, nauli na chakula ajipange. Mwenye baba wa kumlipia nyumba ataweza kufanya kazi ya bure. Msichana aliyetoka Kilifi kwa mchango wa kijiji, anayelala kwa sofa ya binamu yake Kayole na deni la HELB linamsubiri, ataweza kwa miezi mingapi? Hapo hatuchuji tena akili, tunachuja mfuko. Halafu tukimkuta anauza simu Luthuli, tunasema wahandisi wamezidi.

Wamezidi wapi? Mifereji mtaani ni mikavu, mvua ikinyesha kidogo barabara inageuka mto, na majumba yanachipuka kila ploti bila mtu wa kuyakagua vizuri. Kazi iko tele. Kinachokosekana ni mahali pa kujifunza kazi hiyo ukilipwa.

Na hatuwezi kusema miradi haikuwepo. Thika Road ilikamilika 2012, SGR ya Mombasa hadi Nairobi ikazinduliwa 2017, Expressway ikafunguliwa 2022. Zote zilijengwa na kampuni za Uchina, na zilikuwa madarasa makubwa kuliko maabara yoyote ya chuo.

Kwa hivyo pendekezo langu ni hili. Kila kandarasi kubwa ya umma, iwe ya serikali kuu au ya kaunti, itaje idadi ya mahafali wa uinjinia watakaochukuliwa, walipwe, na wawe chini ya mhandisi aliyesajiliwa anayetia sahihi kitabu chao cha kumbukumbu kila mwezi. Mwanakandarasi asipoonyesha vitabu hivyo, awamu inayofuata ya malipo ingoje. Wengine watasema gharama zitapanda. Mshahara wa mahafali 10 kwenye mradi wa mabilioni ni chumvi kwenye sufuria ya githeri. Jengo likianguka, gharama yake haina risiti.

Wewe unayechagua kozi sasa hivi usingoje serikali iamke. Kabla hujaandika jina la chuo, hakikisha kozi hiyo, katika chuo hicho hicho, inatambuliwa na EBK. Chuo kuwa na jina kubwa hakutoshi. Kuna watu walisoma miaka 5 ndipo wakaambiwa hawawezi kusajiliwa. Pili, likizo ziwe za mikono. Nenda kwa fundi wa stima, kwa mjengo, kwa gereji. Fundi wa jua kali hatakupa cheti, lakini atakuonyesha kwa nini mchoro wako hauwezi kujengeka.

Tatu, usidharau diploma. Tangu sheria ya 2016, mafundi sanifu na wanateknolojia wana bodi yao ya usajili, KETRB. Aliyetoka chuo cha kiufundi akijua kuunganisha sola na kurekebisha pampu anaweza kuanza kulipa kodi ya nyumba ukiwa bado unamalizia mwaka wa nne. Akitaka shahada baadaye, ataingia darasani akijua nati ni nini.

Uinjinia ni kazi nzuri, na nchi hii inaihitaji vibaya. Lakini tukiendelea kuwapigia watoto makofi siku ya matokeo na kuwasahau siku ya mahafali, A zao za hesabu zitatufaidi nini?