Chokaa umeipita mbio

Mwandishi wa makala ya nyumba za mawe, chokaa umeipita mbio. Jiwe la matumbawe ni kalisiamu kaboneti. Likichomwa tanurini kwa joto la nyuzi 900 hivi, hutoa kaboni dayoksaidi, ikabaki chokaa kali. Imwagie maji uone: inachemka, inafuka mvuke, inapasuka ikawa unga. Ikishapakwa ukutani huivuta tena kaboni dayoksaidi ile ile kutoka hewani, pole pole, ikarudi kuwa jiwe.

Mimi nakaa Michenzani, Zanzibar, kwenye majumba ya saruji, ila nyumba ya bibi iko Mji Mkongwe. Tuliipiga plasta ya saruji badala ya chokaa. Unyevu ukanasa ndani, na kila masika plasta ikibanduka mapande mapande, nyuma yake mawe yanatoka jasho. Wenye nyumba za mawe, tafadhalini, msikubali saruji.