Mlango Unapokuwa Mzito

Mpita njia anayeamka mapema katika kituo chochote cha biashara cha Wilaya ya Busega, iwe hapa Mkula, iwe Nyashimo au Lamadi, husikia kabla ya jua kupanda mlio wa milango ya chuma ya fremu za maduka ikiviringishwa juu, mmoja baada ya mwingine, na vijana waliotumwa kufungua. Mingi huinuka kwa mkono mmoja, kwa wepesi usiolingana na uzito wake; lakini aghalabu hupatikana mmoja unaokwama usawa wa kiuno, ambao kijana huusukuma kwa bega, akamwita jirani amsaidie, akaushikiza kwa gogo au kwa mtaimbo, kisha akapita chini yake kuingia kazini. Jambo hili limezoewa hata halitazamwi tena. Nami naandika leo kwa sababu naamini kuwa mazoea hayo ni hatari, na kuwa hatari yenyewe yaweza kuondolewa kwa maarifa machache na kwa gharama isiyofika hata chembe ya thamani ya mkono wa mtu.

Siri ya wepesi wa mlango mzima ni chuma kilichofichwa katika bomba la juu, ambacho mafundi wetu hukiita springi, na ambacho Kiswahili cha pwani tangu zamani kilikiita kamani, neno lililotufikia kwa njia ya Bara Hindi kutoka kwa Waajemi, ambao kwao kaman ni upinde. Jina hili limesadifu, maana avutaye upinde huiweka nguvu ya mkono wake ndani ya ubao, ikakaa pale kimya mpaka uzi uachiwe. Na vivyo hivyo mlango unaposhushwa, uzito wake huisokota kamani, na kesho yake kamani hulirudisha deni hilo kwa kuuinua mlango. Robert Hooke, mwanachuoni wa Uingereza, alichapisha mwaka 1678 kanuni kwamba nguvu ya kamani hukua sawasawa na kadiri inavyovutwa. Na mtoto wa Usukumani aliyewahi kutega ndege kwa mti uliopindwa aliijua kanuni hiyo bila ya kitabu, kwa kuwa aliona kwamba kadiri mti ulivyoinamishwa ndivyo tanzi lilivyoruka kwa ukali.

Na tufahamu basi hatari inakaa wapi. Mlango wa chuma wenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 2.5 hauko mbali na uzito wa mtu mzima, na pengine huupita. Unapokuwa chini umefungwa, watu hudhani kuwa umelala, ilhali hapo ndipo kamani ilipokazwa kupita wakati wote mwingine, na yeyote anayefungua nati zake bila ya ujuzi huifungulia nguvu yote kwa mara moja, ikamrukia usoni au kumvunja vidole. Unapokuwa umeinuliwa, kamani imelegea kidogo, lakini sasa uzito ndio unaoning'inia juu ya vichwa, na kamani ikikatika saa hiyo mlango waweza kushuka kama panga. Kwa hiyo hakuna hali ambayo mlango wenye kamani mbovu uko salama. Kuna hali mbili tu za kudhuru, moja humngoja fundi asiyejua, na ya pili humngoja mteja asiyekuwa na habari.

Wala kamani haichakai kwa hesabu ya miaka, bali kwa hesabu ya mara inazokazwa na kulegezwa. Katika milango ya mabanda ya magari, ile ipandayo juu ambayo C. G. Johnson aliibuni Marekani mwaka 1921 na ambayo leo imeenea hata katika nyumba mpya za miji yetu, kamani ya kawaida hutengenezwa ili istahimili takriban safari 10,000 za kufungua na kufunga. Nyumba inayofungua mara nne kwa siku huimaliza hesabu hiyo karibu na mwaka wa 7. Duka linalofungua mara tatu, asubuhi, baada ya chakula na jioni, huifikia baada ya miaka 9 hivi. Hiyo, fauka ya hayo, ni hesabu ya kamani njema isiyo na kutu. Sisi tunaoishi kando ya Ghuba ya Speke, kati ya unyevu wa ziwa na vumbi la barabara, tunajua kutu ilivyo na haraka. Na kila kidoa cha kutu juu ya chuma kinachosokotwa kila siku ni mwanzo wa ufa.

Lakini kamani haifi aghalabu bila ya kutoa ishara, na ishara zake ni dhahiri kwa mwenye kutazama. Ya kwanza ni uzito: mlango uliokuwa ukiinuliwa na mkono mmoja sasa wataka miwili, kisha wataka watu wawili. Ya pili ni kutotulia, kwa kuwa mlango ulio sawa ukiachwa usawa wa kiuno hubaki hapo au husogea kidogo tu, ilhali uliochoka huanguka, na uliokazwa kupita kiasi huruka juu. Ya tatu ni ukombo, upande mmoja ukitangulia mwingine, au waya wa kuvutia ukilegea na nyuzi zake kufumuka. Ya nne ni sauti: mgongano ndani ya bomba, au kishindo kimoja kikali kama cha bunduki usiku, ambacho jirani hudhani ni mwizi kumbe ni kamani iliyokatika. Na pale ambapo kamani yaonekana kwa macho, kama katika mabanda ya magari, pengo katikati ya mizunguko yake ni shahidi asiyehitaji mwenziwe.

Mwenye kuona mojawapo ya ishara hizi ana wajibu wa kwanza ulio mwepesi kuutaja na mgumu kuutenda, nao ni kuacha. Mlango uliofungwa ubaki umefungwa, na duka litumie mlango wa uani kama upo. Mlango ulioinuliwa usishushwe kwa pupa, bali njia ya chini yake izibwe, watoto na wateja waondolewe, na kama una mota, umeme uzimwe wala mnyororo wa kuifungua usivutwe. Kisha aitwe fundi anayeijua kazi hiyo, ambaye utamtambua kwa mambo machache: husimama kando ya kamani wala si mbele yake, huilegeza kwa nondo zilizokatwa kwa kipimo cha matundu yake, wala hajaribu kwa bisibisi, huipima ile ya kale unene wa waya, urefu na upana wa mizunguko kabla ya kutafuta nyingine, na penye kamani mbili hubadili zote mbili, kwa kuwa zilizaliwa siku moja na kuchoka pamoja.

Hapa sina budi kuitaja desturi moja inayodhuru kuliko zote, nayo ni kuipeleka kamani iliyokatika kwa fundi wa kuchomelea. Sikusudii kuwavunjia heshima mafundi hao, ambao bila yao vijiji vyetu visingekuwa na madirisha wala mageti. Lakini ugumu na unyumbufu wa kamani vilipatikana kwa moto wa kipimo na upoozaji wa kipimo, na moto wa kuchomelea huuharibu uwiano wa viwili hivyo, hata pale palipoungwa pakawa pagumu na pepesi kuvunjika. Wafuaji chuma wa Kirongo wa Uzinza, ambao majembe yao yalifika Usukumani katika karne ya 19, waliujua moto kuwa ndio unaokipa chuma tabia yake au kukinyang'anya. Na wahunzi wa leo wanaofua mapanga kutokana na springi kuukuu za malori wanajua hivyo hivyo, ndiyo maana hukichovya chuma upya baada ya kukipasha. Kamani iliyochomelewa ni kamani iliyokwisha kukatika mara ya pili, ingawa siku yake haijafika.

Nimewasikia wenye maduka wakisema kuwa hawana fedha, na wapangaji wakisema kuwa fremu si yao. Nawajibu kwa mfano wa jirani zetu wa barabarani. Katika msimu wa pamba, lori lililoshehenezwa haliondoki Bariadi kushika njia ya Lamadi bila ya dereva mwenye akili na utingo wake kuinama kutazama springi. Wakiona bamba moja limekatika, shehena hungoja, na tajiri hupata hasara ya siku nzima bila ya kuwaita wapumbavu. Mbona basi kamani ya lori ipewe heshima hiyo, na kamani ya mlango, ambayo chini yake hupita mama aliyebeba mtoto akinunua chumvi, isipewe? Insafu yataka mwenye fremu, ambaye hupokea kodi, achukue dhamana ya chuma alichokifunga, na mpangaji achukue dhamana ya kutoa habari mapema na kufunga mpaka itengenezwe.

Na sheria haiko mbali na maneno haya. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 imemtwika mwajiri wajibu wa kumlinda anayemfanyia kazi, na Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 imeweka mfuko ambao waajiri wa Tanzania Bara wapaswa kuuchangia ili majeruhi asiachwe peke yake. Kijana wa duka asiye na mkataba wala mchango ni mfanyakazi kama wengine. Mifupa yake haivunjiki kwa uchache. Ningependa vyuo vya ufundi stadi viweke somo la kamani kando ya somo la kuchomelea, na maofisa biashara wanapopita kukagua leseni wainue na milango, maana kazi hiyo haichukui dakika moja.

Lakini hayo yaweza kukawia, ilhali mlango utafunguliwa kesho. Kwa hiyo namwomba kila mwenye duka wa Mkula na wa kwingineko, kesho alfajiri kabla ya kumtuma kijana, auinue mlango wake kwa mkono wake mwenyewe. Akiuona mzito, asimwite mtu wa kumsaidia kuusukuma; aushushe, aondoke mbele yake, na amwite fundi.