Nyani Haoni Kundule, Lakini Dereva Haoni Kingine

Leo naomba ruhusa niiweke tarakilishi kando kidogo. Nataka tuzungumze kuhusu vioo vya pembeni vya gari, vile ambavyo mitaani tunaviita saidi mira. Msikimbie. Hesabu zipo, na mwishowe tutarudi kule kule kwenye programu.

Nina Volkswagen Beetle ya mwaka 1971, usukani kulia, ambayo zamani ilikuwa ya mjomba wangu. Wazee wanaipenda kwa sababu ya Safari Rally, ambako Beetle ilishinda miaka ya 1950 na tena mwaka 1962. Mimi naipenda kwa sababu ukifungua kifuniko cha injini unaona kila kitu, na kila kitu unaweza kukifungua kwa spana. Ila ilinifikia ikiwa na kioo kimoja tu cha nje, upande wa dereva. Kushoto mlango ulikuwa mtupu, kama magari mengi ya umri wake.

Basi nikafanya wanavyofanya wengi. Nikaingia duka la spea, nikaona kioo kidogo cha duara, kromu inang'aa, upana wa sentimita 10. Kikanipendeza. Fundi akauliza nitakitaka wapi, nikamwonyesha kwa kidole mahali palipopendeza nikiwa nimesimama nje ya gari. Drili ikalia, dakika kumi kazi imekwisha. Nikapiga picha.

Jumamosi moja nilikuwa natoka Dagoretti Corner kuelekea mjini. Nikawasha indiketa ya kushoto, nikatazama kile kioo, sikuona mtu, nikakata kuingia kituo cha mafuta. Nikasikia mgongano kwenye madigadi. Bodaboda alikuwa ubavuni mwangu, amembeba mama na mtoto mgongoni. Pikipiki ikalala, wote watatu chini.

Namshukuru Mungu, walinyanyuka. Mama alichubuka kiwiko, mtoto akalia kwa hofu, mwenye pikipiki akavunjika kiwiko cha breki tu, cha chuma. Wenzake wakanizingira chini ya dakika moja, mnajua mambo yalivyo Nairobi. Lakini hakunitukana. Aliinama kwenye mlango wangu, akakitazama kile kioo changu cha kromu, akaniuliza, "Sasa bosi, hiyo kioo ni ya nini?"

Sikuwa na jibu. Mwaka mzima nilikuwa naendesha na pambo.

Sasa maoni yangu, na nayasema bila kuzunguka: vioo vya magari yetu ya zamani tunavichagua tukiwa tumesimama nje, ilhali kazi yake iko kwenye jicho la mtu aliyeketi ndani. Tukimaliza kuvifunga, tunavigeuza hadi tuone ubavu wa gari letu wenyewe, tunaridhika. Methali husema nyani haoni kundule. Sisi tumepindua methali. Kundule tunaliona vizuri sana, tena kwa kromu. Barabara ndiyo hatuioni.

Nilipofika nyumbani nilichukua futi ya kupimia. Nikiwa nimeketi ninavyoketi siku zote, kutoka jicho langu hadi kioo cha kulia ni karibu sentimita 60. Hadi kile cha kushoto ni karibu sentimita 120. Nikaandika programu fupi ya mistari ishirini hivi, trigonometria ya kidato cha tatu tu, hakuna uchawi.

Kioo bapa kinafanya kazi kama dirisha. Ukilisogelea dirisha unaona uwanja mpana, ukirudi nyuma uwanja unajifinya. Kioo changu cha sentimita 10, kwa jicho moja, kikiwa upande wa kulia kinaonyesha karibu nyuzi 9. Kioo kile kile kikiwa kushoto kinaonyesha nyuzi 4. Geuza hizo kuwa mita: umbali wa mita 10 nyuma ya gari, kioo changu cha kushoto kilikuwa kinanionyesha utepe wa barabara usiofikia upana wa mita moja. Macho mawili yanaongeza, lakini kinabaki kichochoro. Na sehemu ya kichochoro hicho nilikuwa nimeijaza madigadi yangu mwenyewe!

Kwa hiyo hoja ya kwanza: usinunue vioo viwili vya kufanana eti kwa sababu gari lina pande mbili. Pande hizo haziko sawa kwa jicho lako. Kulia kwa dereva wa Kenya, kioo bapa kinatosha, na kina faida kubwa, kinaonyesha umbali kama ulivyo. Kushoto nunua kioo cha mbinuko.

Kioo cha mbinuko ni kile kilichotuna kidogo kama mgongo wa kijiko. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 46, inayofuatwa Ulaya, inataka mbinuko wa vioo vya pembeni vya magari madogo usiwe mkali kuliko nusu kipenyo cha milimita 1200. Weka kioo cha namna hiyo chenye upana wa sentimita 12 kwenye mlango wangu wa kushoto, na uwanja unapanda hadi nyuzi 16 hivi. Mita 10 nyuma, utepe sasa una karibu mita 3. Hapo bodaboda hana pa kujificha.

Lakini hakuna cha bure. Kwa umbali ule wa sentimita 120, kioo hicho kinakionyesha kila kitu kikiwa kama theluthi moja ya ukubwa wake. Lori lililo nyuma yako litafanana na matatu iliyo mbali. Ndiyo maana Marekani sheria inataka kioo cha dereva kiwe bapa, na kile cha abiria kikiwa cha mbinuko lazima kiandikwe onyo kwamba vitu viko karibu kuliko vinavyoonekana. Mimi nasema afadhali kumwona mtu akiwa mdogo kuliko kutomwona kabisa. Umbali nitauhakikisha kwa kioo cha ndani. Mtu asiyeonekana sina pa kumhakikishia.

Kuna marafiki wataniambia, weka vioo juu ya madigadi ya mbele kama magari ya kale ya Japani. Kweli vinapendeza. Japani, ambako pia wanaendesha upande wa kushoto, magari yao ya ndani yalilazimika kuwa na vioo vya namna hiyo hadi sheria ilipolegezwa mwaka 1983. Faida yake ni kwamba huhitaji kugeuza kichwa sana, unaviona kupitia kioo cha mbele. Lakini vimekaa mbali zaidi na jicho, kwa hiyo kila kitu kinazidi kuwa kidogo, na ukitaka kuvirekebisha mara nyingi lazima ushuke au uwe na msaidizi. Na kwa Nairobi, kioo kilichokaa mbali na mkono wako ni zawadi kwa mwizi wa kwenye foleni. Ndiyo, hata cha mlangoni huibwa. Chonga namba ya gari kwenye kioo chenyewe.

Hoja ya pili ni mahali. Hapa nawaomba wenye Beetle, Mini, Datsun na ndugu zao: msitoboe mlango kwanza. Tundu halifutiki, na maji yakiingia kutu huanzia hapo. Fanyeni hivi:

1. Keti ulivyozoea, mkanda umefungwa. Mtu mwingine akishike kioo mlangoni kwa mkono, akisogeze polepole mbele na nyuma.

2. Hakikisha unakiona chote. Beetle ina kile kidirisha cha pembetatu, na nguzo yake inaweza kukata kioo katikati. Changu cha kwanza nguzo ilikuwa imekila karibu robo! Kutoka nje hungejua.

3. Fungua kidirisha hicho cha pembetatu mpaka mwisho. Kisigonge kioo. Kisha fungua mlango mpaka mwisho, kioo kisigonge madigadi.

4. Weka alama kwa utepe wa karatasi wa wapaka rangi, endesha moyoni safari yako ya kila siku, tazama kushoto mara kumi. Ukiridhika ndipo drili ilie. Paka rangi kingo za tundu kabla ya skrubu.

5. Chagua mkono mfupi na mnene. Ule mrefu mwembamba unatetemeka, na bodaboda anayetetemeka anafanana na mti. Kwa Beetle za kabla ya 1968 kioo hufungwa kwenye bawaba ya juu ya mlango, kwa hiyo huhitaji hata kutoboa. Kuanzia 1968 kilihamia mlangoni.

Hoja ya tatu ni pembe, nayo haigharimu hata shilingi. Mwaka 1995 mhandisi wa Marekani, George Platzer, aliandika makala ya kitaalamu akieleza jinsi ya kupunguza eneo lisiloonekana. Ukiibadilisha kwa usukani wa kulia ni hivi: inamisha kichwa hadi kikaribie kioo cha dirisha lako, kisha geuza kioo cha kulia nje mpaka ubavu wa gari uonekane kidogo tu. Halafu inama kushoto hadi katikati ya gari, fanya vivyo hivyo kwa kioo cha kushoto. Ukirudi kuketi wima, gari lako limetoweka kwenye vioo vyote. Watu wengi wanaogopa hapo. Wanahisi wamepofuka, kumbe ndiyo kwanza wameanza kuona.

Upande wa kulia nimeifuata mbinu hiyo neno kwa neno. Kushoto nimeivunja kidogo, na nina sababu. Platzer anategemea kioo cha ndani kikuonyeshe kila kilicho nyuma. Dirisha la nyuma la Beetle ni dogo, na bodaboda wetu hawatembei kwenye leni ya pili, wanatembea wakikugusa. Kwa hiyo kushoto nimebakiza uzi mwembamba wa ubavu wangu, na nyuzi zote zilizobaki ziko barabarani. Kwa kioo bapa hilo lingekuwa ubadhirifu. Kwa nyuzi 16 naweza kulipia.

Kisha nikajaribu, maana programu isiyojaribiwa ni uvumi. Gari nimeliegesha, mpwa wangu akapita na baiskeli kutoka nyuma mara nyingi, kushoto na kulia, mimi nimeketi ndani. Kanuni ni moja: anapotoka kwenye kioo kimoja lazima awe ameshaingia kwenye kingine au kwenye dirisha. Kushoto hakupotea hata mara moja. Kulia kuna sehemu ndogo karibu na gurudumu la nyuma ambapo alipotea kidogo. Sasa naijua, na huko nageuza shingo. Jaribio hilo lilitumia nusu saa. Lingetumia nusu saa ile ile mwaka mmoja kabla ya yule mama kuanguka.

Mnaona sasa kwa nini nimeliandika hili mahali hapa. Sisi watunga programu nasi tuna vioo. Tunaweka ukutani skrini zenye rangi za kijani zikituambia seva yetu iko sawa, kumbukumbu iko sawa, diski iko sawa. Ubavu wetu mtupu! Mteja aliyebonyeza kitufe cha kulipa akasubiri mpaka akachoka, huyo yuko kwenye kichochoro kisichoonekana, na sisi tumekata kona tayari. Tangu siku ile, nikipewa skrini ya kusimamia mfumo namuuliza aliyeitengeneza swali la yule bodaboda: hiyo ni ya nini?

Kioo kile cha kromu sikukitupa. Kiko mezani kwangu karibu na kibodi, na nimeliziba tundu lake la zamani mlangoni kwa kiraka ambacho kwa kweli hakipendezi hata kidogo. Sijakipaka rangi bado.

Haya, narudi kwenye programu zangu. Kabla hujawasha gari kesho, keti, utazame kioo chako cha kushoto, ujiulize unamwona nani. Ukijiona mwenyewe, kigeuze nje.