Usinunue betri kabla ya kukagua teminali

Msimu wa kulima mpunga Mbarali au Kilombero haumngoji mtu. Mvua ikishashika, wenye mashamba humpigia simu mwenye trekta kila kukicha, na asubuhi moja trekta likigoma ni ekari kadhaa zimelala. Ufunguo unazungushwa, stata inalia "ka" mara moja, taa zinafifia. Hukumu inatolewa papo hapo: betri imekufa. Tajiri anaingia mfukoni.

Betri hufa kweli, lakini nyingi huhukumiwa bila kupimwa. Boneti ikifunguliwa, kosa huweza kuonekana kwa macho: kichwa cha betri kimeota unga wa kijani na buluu, teminali imelegea na kubanwa kwa msumari uliopigiliwa ubavuni, ncha ya waya imepondwa kwa nyundo.

Hesabu yake si ngumu. Stata ya trekta la dizeli huweza kuvuta ampea 200 na zaidi. Kiungio chenye ukinzani wa omu 0.01 tu kikipitisha umeme huo, kinameza volti 2 kati ya 12, nazo zinageuka joto la wati 400. Ndiyo maana teminali mbovu huunguza vidole. Taa ya ampea 5 ikipitia hapohapo hupoteza volti 0.05, kiasi ambacho jicho haliwezi kukigundua. Kwa hiyo trekta laweza kuwasha taa kali na bado likakataa kuwaka.

Waya nao si wa kuaminiwa kwa unene. Ipo inayovutia machoni kumbe ndani ni alumini iliyopakwa shaba, na alumini hupitisha umeme kwa takriban asilimia 61 ya shaba ya unene uleule. Mnunuzi akwaruze ncha kwa kisu. Weupe ukitokea, auache dukani.

Kusafisha ni kazi ya dakika chache: spana, brashi ya waya, na magadi yaliyoyeyushwa kwa maji, bila kuyaacha yaingie ndani ya betri. Waya wa hasi hutangulia kutolewa na huwa wa mwisho kurudishwa, kwa sababu spana inayofungua chanya ikigusa bodi huku hasi imefungwa, cheche yake yaweza kulipua gesi ya haidrojeni inayotoka kwenye betri. Teminali ikishakazwa, ipakwe grisi.

Kisha ipimwe. Ncha moja ya mita iwekwe juu ya kichwa cha betri, nyingine kwenye teminali yenyewe, mtu mwingine apige stata. Kiungio kizima husoma karibu na sifuri; kikivuka volti 0.2, kifunguliwe upya. Fundi anayetaja bei ya betri bila kupima hivyo anabahatisha kwa fedha za mwenzake. Mwenye trekta asitoe hata shilingi kabla hajaonyeshwa namba hiyo.