Paka akifa, mwambieni mtoto amekufa

Kiswahili kina adabu zake mbele ya kifo. Mzee hafi, hufariki, hututoka, hutangulia mbele ya haki. Lakini heshima hiyo ni ya binadamu. Kwa paka, mbwa au kuku lugha yetu haioni haya: amekufa. Ajabu ni kwamba mnyama aliyezoeana na mtoto anapokufa, wazazi huanza kusaka maneno ya kufichia: "amelala", "amesafiri", "ametoroka". Mtoto mwenye usonji ndiye huteswa zaidi na maneno hayo, na ni heri tuyaache.

Watoto wengi wenye usonji hushika neno kama lilivyotamkwa. Mtoto akiambiwa paka amelala, atangoja aamke. Asipoamka, huenda yeye mwenyewe akaogopa kulala. Akiambiwa amesafiri, atauliza anarudi lini, leo, kesho na keshokutwa. Leo Kanner, daktari aliyeueleza usonji nchini Marekani mwaka 1943 baada ya kuchunguza watoto 11, aliona pia jinsi walivyotaka mno mambo yabaki yalivyo. Paka naye ana saa zake katika siku ya mtoto: kisahani cha maziwa asubuhi, joto miguuni usiku. Kisahani kikitupwa siku hiyo hiyo ili "asahau", mtoto amepoteza paka na asubuhi yake pia.

Aambiwe kwa sentensi fupi: "Paka amekufa. Hapumui, hali, hasikii maumivu. Hatarudi." Akitaka, amwone na amguse, ashiriki kumfukia, kisha achague mwenyewe mahali pa kuweka kisahani. Ila mnyama akishukiwa kuwa na kichaa cha mbwa, asiguswe na yeyote. Aitwe ofisa mifugo. Na kama ni mbuzi wa Idd, mtoto ajulishwe tangu siku mbuzi anapoletwa kwamba atachinjwa, na siku ya kuchinjwa iwekewe alama kwenye kalenda ya ukutani.

Wapo watakaosema huo ni ukatili. Lakini ukweli humuumiza mara moja, ilhali uongo humweka mlangoni akimsubiri asiyekuja. Wengine watasema haelewi, mbona halii? Machozi si kipimo. Huzuni yake yaweza kutokea wiki kadhaa baadaye, kwa kukosa usingizi, kukataa chakula au kurudia swali lile lile. Swali hilo lisikemewe. Lijibiwe kila mara kwa maneno yale yale, kwa sababu jibu lisilobadilika ndilo linalomtuliza.

Linabaki pingamizi kubwa: nyumba ina shida zake, na huyu ni paka tu. Kweli, ni paka. Ndiyo maana hapa ni pazuri pa kuanzia. Ipo siku atakayeondoka ni bibi. Uani patafungwa turubai, nyumba itajaa wageni, na kila mmoja atasema kwa adabu kwamba bibi amepumzika. Mtoto aliyekwishafundishwa maana ya "amekufa" ataweza kuelezwa kwa neno moja analolijua. Asiyefundishwa ataingia chumbani kwa bibi kumwamsha. Mzazi, paka akifa leo, usimfiche mtoto neno hilo.